Akirudi kwa mumewe, kosa limefutika?

SWALI: Ndugu Mhariri, dada yangu ameolewa hapa Ujiji na mfanyabiashara wa dagaa. Amepigwa mara tatu, na kila mara wazee wamewasuluhisha naye akarudi. Mwezi uliopita alifungua jalada polisi, kisha akaomba lifutwe. Sasa amepigwa tena, na ndugu wanasema amezoea, hivyo hakuna atakayemsikiliza. Ni kweli? Msomaji, Kigoma.

JIBU: Si kweli, ndugu yangu, na katika barua yako yote hakuna neno lenye madhara kama hilo la “amezoea”. Mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Marekani, Lenore Walker, alieleza kwamba ukatili wa nyumbani mara nyingi huenda kwa mzunguko: hasira hujikusanya, kipigo hutokea, kisha hufuata siku za kuombwa radhi, zawadi na ahadi. Si kila ndoa hufuata mzunguko huo, lakini ni katika siku hizo tamu ndipo majalada mengi huombewa kufutwa. Zaidi ya hayo, fedha za dagaa huenda zinashikwa na mume, wazee wameshaamua, na kipindi cha kuondoka ndicho mara nyingi chenye hatari kubwa zaidi. Anayerudi katika hali hiyo anapima hatari, hajaridhia kupigwa. Hofu nayo huvuruga kumbukumbu, kwa hiyo akichanganya tarehe mbele ya askari, hilo peke yake halimfanyi kuwa mwongo.

Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinakataza mume au mke kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga, wala hakiweki sharti kwamba aliyepigwa awe hajawahi kusamehe. Kipigo hiki cha sasa ni kosa jipya. Aende dawati la jinsia na watoto la polisi, apewe fomu ya PF3, na daktari aijaze kabla majeraha hayajapona. Suluhu ya wazee (ambayo siidharau) haimfungi mdomo.

Akitaka talaka, ukatili wa mwili au wa akili ni ushahidi kwamba ndoa imevunjika, ingawa kwa kawaida shauri huanzia baraza la usuluhishi wa ndoa. Kama anaogopa kutoka mikono mitupu, mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa.

Wewe usimwulize kwa nini alirudi. Mwulize anaogopa nini akiondoka, na cheti chake cha ndoa kinatunzwa na nani.