Betri zinajaa saa 4 asubuhi, umeme unakata saa 3 usiku

SWALI: Mimi ni katibu wa kamati ya umeme kitongojini kwetu, Tabora. Tuna sola ya pamoja ya nyumba 40, betri 8 za maji za volti 12, Ah 200. Kila nyumba inalipa 5,000 kwa mwezi. Mwaka wa kwanza taa ziliwaka hadi alfajiri. Siku hizi betri zinajaa saa 4 tu asubuhi, lakini saa 3 usiku inveta inalia na kuzima. Fundi anasema tuongeze paneli. Tununue?

JIBU: Msinunue kwanza, ndugu katibu. Tatizo liko kwenye hiyo saa 4. Betri iliyochoka ni kama mtungi ulioingia mchanga hadi nusu: unajaa haraka, na vikombe vya kuchota ni vichache. Zingekuwa paneli ndizo hazitoshi, jua lingezama betri hazijajaa.

Tupige hesabu. Betri zenu zikiwa mpya zinabeba uniti 19 hivi. Betri za maji hazipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo za usiku ni uniti 9 na kitu, na inveta nayo inakula kidogo. Taa tatu za wati 5 kwa kila nyumba, saa tano: uniti 3. Runinga 15 za wati 60, saa nne: 3.6. Hapo mko salama. Runinga zikifika 30 zinakula 7.2, na betri zinakamuliwa kila usiku. Zihesabuni, na friji ya dukani msiisahau. Kwa ada ya bei moja, mwenye taa mbili anamlipia jirani mpira wa kwenye runinga. Hilo pelekeni mkutanoni.

Leo saa 2 usiku, umeme ukitumika, pima betri moja moja kwa multimita, yaani kipimo cha umeme. Saba zikisoma volti 12.1 na moja 10.2, hiyo ina seli (chumba kimoja cha ndani) iliyokufa, na inaangusha mstari mzima wa betri zilizoungwa nayo. Asubuhi fungua vifuniko, miwani machoni. Sahani za ndani ya betri zikiwa juu ya maji, ongezeni maji ya betri yasiyo na asidi. Ya kisima hapana, hata yawe meupe namna gani.

Msichomeke betri moja mpya kati ya zilizochoka, itachoka nazo. Nitumie vipimo vya zote 8, pamoja na idadi ya runinga.