Kilo 11 hadi kilo 14: bega limepata nguvu au kifaa kimesogezwa?

Mkuu, umesema wiki mbili zilizopita walikupima nguvu ya kuzungusha mkono kwa nje wakapata kilo 11, juzi mtu mwingine akapata 14, na sasa unauliza kama bega linapona au kidude kinadanganya. Mimi ni wa fiziotherapia, dainamomita ya mkononi, yaani hicho kidude cha kupima nguvu ya msuli, nimeishika miaka tisa. Jibu umelitaja mwenyewe bila kujua: juzi kifaa hakikuwekwa karibu na kifundo cha mkono kama mwanzo, "kilipanda kama vidole vitatu".

Vidole vitatu ni kama sentimita 5. Kifaa hakiuoni msuli, kinasoma msukumo pale kinapogusa tu. Jaribu kuzuia mlango ukiwa umeshika karibu na bawaba, halafu zuia kwenye kitasa, utanielewa. Tuseme mwanzo kilikaa sentimita 25 kutoka kiwikoni, juzi 20. Zidisha 11 kwa 25 upate 275, gawanya kwa 20: 13.75. Ndiyo hiyo 14 yako, na msuli haujaongezeka hata chembe. Sisemi hujapona, ila namba hizo mbili hazitoshi kusema umepona. Mimi humpiga mtu alama ya kalamu mkononi, napima umbali kwa futikamba na kuuandika kwenye faili.

La pili ni anayekishika, na hapa niliumbuka. Alikuja muogeleaji, jitu la miraba minne, bega la kulia bovu. Nikampima akivuta mkono kuelekea tumboni: kulia kilo 19, kushoto kilo 19. Nikamwambia yuko sawa. Akaniangalia tu, akasema, "Hapana, bega langu nalijua." Siku nyingine nikakifunga kifaa kwa mkanda kwenye nguzo: kulia 20, kushoto 27. Ile 19 ilikuwa nguvu yangu mimi, si yake! Alipozidi, mkono wangu ulirudi nyuma na kipimo kikaishia hapo. Tangu hapo mtu mwenye nguvu simpimi bila mkanda.

Uliza pia walikuambia nini. "Sukuma taratibu mpaka mwisho" na "zuia nisikushinde" ni vipimo viwili tofauti. Cha pili kwa kawaida hutoa namba kubwa zaidi, na bega lenye maumivu hukichukia. Kulala na kukaa navyo hubadilisha namba. Na kama linauma, unaachia kabla msuli haujafika mwisho, hivyo kinachosomwa ni maumivu.

Hata kila kitu kikiwa sawa, namba hucheza. Niliwahi kumpima mwenzangu kazini, bega zima kabisa, siku tatu mfululizo, zikapishana kilo moja na nusu. Kwa hiyo mtu akinishangilia nusu kilo huwa natabasamu tu. Bado naona kifaa ni afadhali kuliko kuzuia kwa kiganja tu na kuipa nguvu alama 0 hadi 5, maana ile 4 humeza watu wenye nguvu tofauti kabisa.

Ukirudi, omba akupime yule wa mwanzo, mkao uleule, alama ileile, majaribio matatu kwa kila mkono na mapumziko kama dakika moja katikati. Mkono usiouma nao upimwe siku hiyohiyo. Kisha tuwekee hapa namba zote sita, si wastani.