Mhothoni usiochanua

SWALI: Habari za kazi. Nyumba tuliyohamia hapa Leicester imezungushiwa uzio wa mihothoni, ile miti ya miiba kama michongoma ya kwetu. Ikifika Mei, ya jirani huwa nyeupe pe, yangu ni majani matupu. Huwa naipogoa yote kila Agosti. Kosa liko wapi? Na maua yake mbona yananuka kama samaki wa jana? – Mama Z.

JIBU: Kosa ni hiyo kata ya kila mwaka, Mama Z. Mhothoni hauchanui kwenye kijiti kilichoota mwaka huohuo. Unachanua kwenye vijitawi vifupi vilivyokwisha kupitisha angalau majira moja ya baridi. Ukinyoa uzio wote kila Agosti, unaondoa vijiti kabla havijafika umri wa kuzaa.

Agosti hii usiguse kitu. Ugawe uzio mafungu matatu, kisha kila mwaka upogoe fungu moja tu, Januari au Februari. Usikate palepale pa zamani, maana hapo patafanya nundu ngumu. Sogeza kata nje kwa sentimita 5 hadi 10. Kuanzia Machi hadi mwisho wa Agosti weka mkasi chini, kwa kuwa ndege wanaatamia humo, na sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 inakataza kuharibu kwa makusudi kiota kinachotumika.

Harufu ni ya trimethilamini, kemikali ileile ya samaki aliyeanza kuharibika. Inawaita nzi, nao huchavusha. Msipoyaingiza maua ndani haitawasumbua, na yanastahili kutazamwa kwa karibu: petali tano nyeupe, katikati vichwa vya chavua vya rangi ya waridi ambavyo hugeuka vyeusi ua linapozeeka. Septemba na Oktoba vitunda huiva vyekundu, kila kimoja na kokwa moja. Viacheni mtini. Majani yakishapukutika, ndege wahamaji kutoka Skandinavia huja kuvila, na uzio mkavu wa kijivu unakuwa na uhai kuliko wakati wowote wa mwaka.

SWALI: Nilipanda kokwa za mhothoni Oktoba. Sasa ni Juni, hakuna kilichoota. Nizitupe?

JIBU: Usizitupe. Kokwa hizi mara nyingi huchukua miezi 18, yaani baridi mbili, kabla ya kuota. Acha chungu nje, mchanga uwe na unyevu, juu funika wavu wa waya panya wasizifukue.

Kama una haraka, nunua miche ya mizizi mitupu (inayouzwa bila udongo) ya sentimita 40 hadi 60 kati ya Novemba na Machi. Panda mistari miwili iliyopishana, sentimita 40 kati ya mche na mche: inakuja miche 5 kwa kila mita ya uzio. Mingi hufa siku ya kupandwa, kwa kulazwa kando ya shimo upepo ukikausha mizizi. Ikae ndani ya mfuko wenye maji kidogo, utoe mmoja mmoja.