Jibu: bakuli la Hagi linavuja, je ni bovu?

Mkuu umeuliza kama umeuziwa bakuli bovu la chai la Hagi kisa linatoa unyevu chini na lina mkato kwenye kitako. Hapana, usilirudishe kabisa! Udongo wa Hagi, kule Yamaguchi Japani, una vinyweleo vingi na glezi yake, yani ule utando wa juu kama kioo, ina nyufa ndogondogo kama utando wa buibui, kwa hiyo likiwa jipya linaweza kutoa jasho kidogo, halafu matcha, ile chai ya kijani ya unga, ikipenya humo miaka na miaka rangi inabadilika taratibu, Wajapani wanaita nanabake yani mabadiliko saba, na hicho ndo wakusanyaji wanakitafuta, mi mwenyewe nalipenda kuliko bakuli lolote la kung'aa. Mkato wa kitako fundi kaukata makusudi, ni mtindo wa tangu zamani, na ufinyanzi wenyewe ulianzishwa na mafundi wa Korea mwanzoni mwa miaka ya 1600.

Kabla ya kutumia liloweke kwanza kwenye maji safi, ukiosha usiweke sabuni maana linainyonya, na likauke siku kadhaa kabla hujalifungia la sivyo litaota ukungu. Boksi la mbao lenye sahihi ya fundi usilitupe aisee, bila hilo bei inashuka sana.