Hugo na Saa Tatu Zilizonitia Aibu

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, makala nimemaliza, kwenye laptop inaonekana safi kabisa, nikipandisha mtandaoni haipo. Hugo imenishinda, narudi WordPress." Hugo na WordPress zote ni programu za kutengenezea tovuti. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Maneno hayo hayo niliwahi kuyasema, tena kwa hasira kuliko yeye.

Mimi nilitokea huko huko WordPress. Nilikuwa naitunza tovuti ya SACCOS moja mtaani kwetu, nikazembea kusasisha programu-jalizi, asubuhi moja tukaamka ukurasa wa mbele umejaa matangazo ya kamari. Wazee wa kamati walinitazama kana kwamba mimi ndiye mcheza kamari mwenyewe. Jicho lile sijalisahau. Nikahamia Hugo: hakuna hifadhidata, hakuna mlango wa admin wa kuvunjwa. Unaandika Markdown, yaani maandishi ya kawaida yenye alama chache za mpangilio, kwenye faili la kawaida, violezo vya kwenye folda ya layouts vinaivalisha nguo, unaandika hugo kwenye teminali (dirisha la kuandikia amri), tovuti inajengwa, unapata folda ya public yenye HTML tupu, yaani kurasa zilizo tayari. Unaipandisha, kazi imekwisha. Wiki nilizohangaika na violezo naziruka, hazina utamu.

Sasa ile Jumatatu. Tangazo la mkutano mkuu lilitakiwa litoke saa mbili kamili asubuhi. Jumapili usiku nikaliandaa, kichwani mwa faili nikaweka date = 2025-03-10T08:00:00. Nyumbani nina mazoea ya kuwasha hugo server -D -F, kwa hiyo nililiona vizuri tu kwenye localhost:1313, anwani ya ndani ya laptop yangu mwenyewe, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi. Asubuhi saa mbili na dakika tano nikajenga, nikapandisha. Hakuna kitu. Teminali haikulalamika hata neno moja, na hilo ndilo lililonichanganya.

Saa mbili na robo simu ikaita. Mama katibu. "Mwanangu, wanachama wananiuliza, tangazo liko wapi?" Nikamwambia mtandao unasumbua. Uongo wa kwanza.

Nikafungua single.html, kiolezo cha ukurasa mmoja mmoja, nikafuta mistari, nikairudisha. Nikang'oa themu nzima, yaani seti ya violezo na mwonekano wa tovuti, nikaiweka upya. Jasho linanitoka, chai imepoa mezani. Saa tano na dakika chache nikajenga tena, tangazo hilo hapo! Nikampigia: "Mama, themu ilikuwa na hitilafu, nimeirekebisha." Akaniombea dua. Siku ile nilitembea kifua mbele.

Jumatatu iliyofuata, tangazo jingine, balaa lile lile. Safari hii kabla ya kushika panga nikaandika hugo list future. Faili langu likatokea kwenye orodha ya kurasa za siku zijazo. Yaani sikuwa nimetengeneza chochote wiki iliyopita. Muda ulikuwa umefika wenyewe, mimi nikajipa sifa. Tarehe isiyotaja majira ya eneo Hugo huisoma kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, na saa mbili asubuhi ya UTC kwetu ni saa tano. Ukurasa wa muda ujao haujengwi, na hakuna anayekuambia. Ile -F yangu ndiyo iliyokuwa ikinidanganya nyumbani, maana kazi yake ni kuonyesha kurasa za baadaye, kama -D inavyoonyesha rasimu.

Basi ndugu yangu uliyeniandikia: kwenye hugo.toml, faili la mipangilio ya tovuti, juu kabisa, weka timeZone = "Africa/Dar_es_Salaam", au "Africa/Nairobi" ukiwa huko. Tazama kama faili lako lina draft = true, maana hiyo inalifanya rasimu, na rasimu haijengwi. Kabla ya kupandisha, washa hugo server bila -D wala -F, uone kile watakachokiona watu. Na hata muda ukifika, ukurasa hautokei wenyewe, lazima ujenge tena. Jingine: Hugo haifuti vya zamani ndani ya public, ukiwahi kujenga na -D rasimu zako zitabaki humo, kwa hiyo ifute folda mwenyewe kwanza.

Vijana tuna haraka ya kubomoa. Kitu kikikataa tunalaumu themu, tunalaumu programu, tunahama. Soma kwanza tarehe uliyoiandika kwa mkono wako. Nasema hivi kwa sababu nimebomoa themu nzima isiyo na kosa.

Mama katibu mpaka leo akinitambulisha kwa wanachama wapya husema, "Huyu ndiye aliyetutengenezea themu." Sijamsahihisha.