Hirst amesahau, au anajifanya?

Mwanangu Baraka,

Marahaba. Hapa hatujambo, ila babako na kifua chake kilekile.

Umeniuliza kama Hirst, yule mhusika mwandishi mzee katika tamthilia ya No Man's Land, amesahau kweli mambo yake ya nyuma au anajifanya, maana mwongozaji wenu anataka kila mwigizaji aandike historia ya mhusika wake. Mimi nisingeandika. Harold Pinter, aliyeitunga, hakutupa historia hiyo. Alitupa sebule moja ya London, pombe isiyokauka, na Foster na Briggs, watumishi ambao hujui kama wanamlinda mzee au wamemfungia. Hata majina ya wahusika wote wanne ni ya wachezaji kriketi wa zamani. Atakayechimba maana nzito humo atachoka bure.

Wewe tazama anachofanya Hirst. Usiku analewa mpaka anaanguka, anatoka sebuleni akitambaa. Asubuhi anaingia mchangamfu, anamwita mgeni wake Spooner "Charles", eti walisoma wote Oxford, kisha anamsimulia kwa raha zake alivyotembea na mke wa huyo Charles. Na huyu ni mgeni aliyemwokota jana yake tu! Spooner naye hasemi "mimi siye Charles". Anaidaka hadithi, anamrudishia tuhuma zake, nzito zaidi. Hapo ukweli hauna kazi tena. Anayesimulia bila kusita ndiye mwenye nyumba.

Kwa hiyo jibu langu: Hirst mengi amesahau kweli, lakini hajasahau jinsi ya kumtawala mtu kwa kumsimulia maisha yake. Ralph Richardson ndiye aliyemcheza kwanza, mwaka 1975 katika ukumbi wa Old Vic, John Gielgud akiwa Spooner. Mwaka 1992 Pinter mwenyewe alimcheza Hirst, ukumbi wa Almeida.

Sasa wewe ndiye Spooner. Ile hotuba ndefu ya mwisho, anapoomba awe katibu wa mzee, usiicheze kwa mzaha. Ni mtu mzima anaomba kazi na pa kulala. Hirst akijibu kwamba tubadili mada kwa mara ya mwisho, usikimbilie mstari unaofuata. Waache Foster na Briggs wamkamate kwa neno lake: ikiwa ni mara ya mwisho, basi mada haitabadilika tena, na kama mada ni majira ya baridi, itakuwa baridi milele. Mzee amejifungia mwenyewe kwa sentensi moja, na wewe umo humo humo ndani naye.

Mama yako