Kiingereza cha Magazetini: Mwalimu Anajibu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina duka la vifaa vya shule hapa Morogoro, na karibu kila siku nanunua gazeti la Kiingereza ili nijifunze. Maneno mapya nayaandika daftarini pamoja na maana yake ya kamusi, lakini vichwa vya habari bado vinanipiga chenga. Juzi nilisoma “Three held over cement theft”. Kamusi inasema “hold” ni kushika. Sasa hao watatu walimshika nani? Na ukurasa wa michezo nao umeandika “Champions held at home”, wakati hakuna mchezaji aliyekamatwa! – Mama Duka, Morogoro

JIBU: Marahaba, Mama Duka. Hao watatu hawakumshika mtu, wao ndio walioshikwa. Kichwa cha habari cha Kiingereza humeza “were”, kama kinavyomeza “the” na “a”, maana nafasi ni finyu. Kirefu chake ni “Three people were held”: watu watatu wanashikiliwa na polisi. Na hiyo “over” usiihangaikie kwa “juu ya”. Hapo ni “kuhusiana na” wizi wa saruji. Mabingwa nao wamebanwa: walitaka pointi tatu nyumbani kwao, wakaambulia sare.

Kuna mtego mwingine unaowanasa wengi kuliko huo. “Minister opens bridge” ni jambo lililokwisha kutokea, japo kitenzi kimevaa wakati uliopo. “Minister to open bridge” bado halijatokea. Ukiona “Govt to hire teachers”, usimpigie simu mdogo wako kumpongeza, hakuna aliyeajiriwa bado.

Halafu kuna yale maneno mafupi. Nimekaa miaka mingi kwenye meza ya uhariri na nakuhakikishia kwamba hayakuchaguliwa kwa uzuri wake, yalichaguliwa kwa sababu yanaenea kwenye safu. “Probe” ni uchunguzi. “Bid” ni jaribio au juhudi. “Axe” ni kumtimua mtu au kuufuta mradi. “Mull” ni kutafakari kabla ya kuamua. “Row” ni mvutano, nayo hutamkwa “rau”; ukitamka “rou” utakuwa unazungumzia safu ya viti. Yajue ili usome, lakini ukiandika kwenye barua ya kuomba kazi kwamba “I am mulling a bid”, mwajiri atacheka kabla hajafika aya ya pili.

Sasa daftari lako. Neno lililoandikwa peke yake na maana moja ya kamusi halikai kichwani. Fanya hivi: HabariLeo na Daily News hutoka kampuni moja, Mwananchi na The Citizen vivyo hivyo. Chagua habari moja kubwa, isome kwanza kwa Kiswahili mpaka ujue nani kafanya nini, ndipo uifuate kwa Kiingereza. Si tafsiri ya neno kwa neno, na hiyo ndiyo faida yake, kwa sababu utaona kila mwandishi alivyolisema jambo lilelile kwa lugha yake. Nakili sentensi nzima, chini yake uandike yako ya dukani.

Anza na msimu wa bajeti, mwezi Juni, maana misemo yake hujirudia kila mwaka. “Tighten our belts” hutahitaji hata kamusi. Baada ya vita vya Kagera, Mwalimu Nyerere alituomba tufunge mkanda miezi 18, na waliokuwepo wanajua miezi ile ilivyorefuka.

SWALI: Mwalimu, nafuatilia Bunge letu na la Marekani. Hapa “table a bill” ni kuuleta muswada. Kule nasoma “tabled” na muswada hausikiki tena. Nani kakosea? – Mwanafunzi, Mombasa

JIBU: Hakuna aliyekosea, mwanangu. Sisi tumerithi Kiingereza cha Uingereza, ndiyo maana hata kwa Kiswahili wabunge huwasilisha hati mezani. Marekani “to table” ni kuliweka jambo kando, na mara nyingi huwa ndio mwisho wake. Churchill anasimulia katika kumbukumbu zake za Vita ya Pili ya Dunia kwamba maofisa wa nchi hizo mbili walibishana muda mrefu juu ya waraka mmoja. Waingereza walisema lazima uwe “tabled”, Wamarekani wakakataa katakata, kumbe wote walitaka ujadiliwe haraka. Kabla ya kufungua kamusi, angalia habari imetoka nchi gani.

SWALI: Je, kumwita rais “lame duck” ni tusi? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Si tusi, ingawa hakuna anayefurahia kuitwa hivyo. Ni kiongozi ambaye bado yuko madarakani ilhali kila mtu anajua anaondoka, hivyo amri zake hazina uzito ule wa zamani. Marekani kipindi hicho huanza baada ya uchaguzi wa Novemba hadi mrithi aapishwe tarehe 20 Januari. Zamani walisubiri mpaka tarehe 4 Machi. Marekebisho ya 20 ya Katiba yao, ya mwaka 1933, ndiyo yaliyofupisha. Siku hizi waandishi humpachika jina hilo hata rais aliye kwenye muhula wa mwisho, akiwa bado na miaka miwili mbele yake. Mimi naona wanamharakisha.